Nyama ilinishusha kilo, embe la ukweni limenitia hofu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa Makorora, hapa Tanga mjini. Nina miaka 44, mke na watoto watatu, na kazi yangu ni bandarini. Nakuandikia usiku, maana mchana wenzangu wakichungulia simu yangu na kuona ninachouliza watanicheka mpaka mwezi uandame.

Mwaka jana nilikuwa na kilo 104. Nikiinama kufunga viatu nahema kama niliyekimbizwa. Presha nayo ikaanza, nikapewa kidonge kimoja cha kumeza kila asubuhi. Ndipo mwenzangu kazini akanionyesha video za Wazungu wanaokula nyama peke yake. Hakuna ugali, hakuna wali, hakuna mboga, hakuna tunda. Wanasema wanga na sukari ndivyo vilivyotuharibu. Idi Kubwa ilipopita, nyama ikiwa bado tele ndani, nikaanza.

Asubuhi supu ya kongoro, na ikikosekana, mayai na soseji. Mchana mbuzi wa kuchoma. Usiku samaki, au maini yaliyokaangwa kwa samli, na maini nayapenda kwa hiyo hayapiti siku mbili hayajarudi. Chumvi natia kwa wingi kwa sababu walisema mwili wa mla nyama unapoteza chumvi. Shangazi, zimeshuka hadi kilo 88! Suruali zote nimepeleka kwa fundi. Barazani wananiita Simba, na mimi sikunyamaza, kila aliyepita na ndizi mkononi nilimpa darasa kwamba anakula sukari yenye ganda.

Sasa yaliyonisibu. Choo kimekuwa kigumu, nakaa siku tatu. Usiku musuli wa mguu unanikaza mpaka naruka kitandani. Nikipiga mswaki fizi zinatoa damu, na mke wangu anasema harufu ya kinywa changu si ile aliyoolewa nayo. Nilivumilia yote hayo kwa ajili ya kilo.

Kisha ikaja harusi ya shemeji yangu Muheza. Unaijua Muheza msimu wa maembe. Mama mkwe akaniwekea sinia, nikaona aibu kukataa ukweni. Nikala dodo mawili makubwa na fenesi juu yake, na siku zote za harusi mkono haukutoka kwenye sinia. Mama mkwe ana sukari, ana kile kimashine cha kujipimia. Saa moja baada ya yale maembe nikajichoma kidole kwa utani: 10.8. Utani ukaishia hapo. Marehemu baba yangu alikuwa na sukari. Niliporudi nyumbani nikapanda mzani, kilo mbili zimerudi, na tumbo limejaa gesi kama ngoma.

Na moyo wangu bado unataka matunda. Nasikia hata daktari mmoja wa Marekani aliyekuwa kinara wa nyama tupu sasa anakula matunda na asali. Nauliza: nikiongeza matunda nitanenepa upya? Nianze na tunda gani, na saa ngapi? Jamaa mmoja barazani ananiambia tunda likilaliwa juu ya nyama linaozea tumboni, ni kweli? Juisi je? Na Ramadhani inakuja, nifuturu tende au nisifuturu?

La mwisho ni la nyumbani. Mke wangu ana genge la matunda karibu na soko la Mgandini. Aliponisikia nikimwambia jirani kwamba matunda ni sumu alinijibu mbele ya watu: "Sumu hii ndiyo inayokununulia mbuzi." Tangu siku hiyo hanisemeshi vizuri. Na binti yetu mdogo, ana miaka tisa, siku hizi anasukuma papai pembeni mwa sahani. Akiulizwa anasema, "Baba kasema ni sukari."

Nishauri, Shangazi.

Simba wa Makorora


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Hongera kwa kilo 16, si mchezo, na nafasi kubwa ya kuitunza presha yako imo humo. Mimi si daktari, na mahali pa daktari nitakutajia. Mengine nitakujibu, na moja nitakugombeza.

Nianze na kilichokunyima usingizi, ile 10.8. Umekaa miezi mwili wako hauoni wanga. Misuli imezoea kuchoma mafuta, na kongosho halina haraka ya kumwaga insulini kwa sababu kazi yenyewe haipo. Ghafla unalishushia dodo mawili. Dodo kubwa moja lina nyama kama gramu 300, na kila gramu 100 za embe zina sukari gramu 14 hivi. Maembe mawili yanakupa gramu 80 na ushei kabla hujagusa fenesi, ambalo ni tamu kulishinda embe. Hospitalini kuna kipimo ambacho mtu hunyweshwa gramu 75 za glukosi kisha damu yake ikaangaliwa. Wewe ulijifanyia kipimo hicho ukweni, tena kwa kuzidisha dozi. Na wanaopimwa kwa utaratibu huambiwa wale wanga wa kutosha, gramu 150 kwa siku au zaidi, kwa siku tatu kabla ya kupimwa, kwa kuwa mtu aliyejinyima wanga sukari yake hupaa kwa muda hata kama si mgonjwa.

Kwa hiyo namba ile peke yake haikuhukumu. Lakini pia sitakwambia huna sukari, maana baba yako alikuwa nayo na wewe ulikuwa na kilo 104. Kabla ya kubadilisha chochote, nenda hospitali ya Bombo au kituo chochote chenye maabara, asubuhi, hujala tangu usiku. Sukari ya mtu aliyelala na njaa ikifika 7.0 na kipimo kikarudiwa kikasema vilevile, hiyo ni kisukari. Waombe pia kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, kile wanachokiita HbA1c, ambacho mpaka wake ni asilimia 6.5. Kama kwenu kuna selimundu au una upungufu wa damu, wataje, kwa sababu hicho kinaweza kudanganya. Na kwa kuwa utakuwa umeshachomwa sindano, wapime na lehemu, yaani kolesteroli, na figo. Wapo wanaokula hivi ambao lehemu mbaya hupanda juu sana wakati kiuno kinapungua, na mwenye presha hana sababu ya kukaa gizani.

Sasa zile kilo mbili. Hukunenepa kilo mbili kwa harusi moja, hata kwa mkono wa mama mkwe wa Muheza. Ini na misuli huhifadhi sukari kwa namna ya glaikojeni, kwa mtu mzima jumla yake ni gramu 400 au 500, na kila gramu hukaa pamoja na maji kama gramu tatu. Ulipoacha wanga, akiba hiyo ilishuka na maji yake yakatoka, ndiyo maana wiki za mwanzo za ulaji kama wako mizani hushuka kwa kishindo na watu hurekodi video. Ulipokula maembe akiba ikaanza kujaa, maji yakarudi, figo zikaanza kushika chumvi tena, na utumbo ukawa na mzigo ambao haukuwa nao. Kilo za namna hiyo ni waja leo, waondoka leo. Ukianza matunda, tarajia kilo moja au mbili kupanda wiki za mwanzo, na usihangaike nazo. Angalia kiuno kwa futi ya fundi wako wa suruali, na mzani uupande mara moja kwa wiki.

Lakini hapo hapo kwenye chumvi simama kidogo, kwa sababu ndipo ninapokuogopea kuliko kwenye embe. Waliokwambia uongeze chumvi hawakukosea kabisa. Mtu asiyekula wanga insulini yake huwa chini, na figo humwaga chumvi kwenye mkojo, na misuli kukaza usiku huweza kutokana na hilo. Ila wao hawakujua una presha. Matunda yakirudi, figo nazo zinarudi kwenye kushika chumvi, na wewe ukiendelea kuimimina kama zamani presha inaweza kupanda huku ukidhani embe ndilo limekupandisha. Punguza chumvi siku ile ile unapoanza tunda. Pima presha mara kwa mara mwezi wa kwanza, uandike kwenye daftari. Na kidonge usikiguse wewe mwenyewe, si kukiongeza wala kukiacha. Kama unapata kizunguzungu ukisimama, huenda kilo zilizoshuka zimefanya dozi ya zamani iwe kubwa, na hilo linaamuliwa na aliyekuandikia.

Tukiwa hapo kwenye kidonge: hukunitajia jina lake. Kama ni nifedipini, au kama kuna siku utaandikiwa simvastatini ya lehemu, balungi liweke kando mpaka umuulize mfamasia, kwa maana balungi huzuia utumbo kuivunja dawa na dawa huwa nyingi mwilini. Kama ni losatani au spironolaktoni, hizo hushikilia potasiamu, na madafu yana potasiamu nyingi, basi usiyanywe kama maji kabla majibu ya figo hayajatoka. Na birimbi, tulizozizoea kwenye achari na mchuzi, ziishie huko huko. Huko Kerala, India, watu wamelazwa figo zikiwa zimegoma baada ya kunywa juisi nzito ya birimbi kama dawa ya lehemu. Tindikali yake, oksalati, ni nyingi mno kwa glasi.

Fizi. Mwenye fizi zinazotoa damu mara nyingi ana utando na ugaga kwenye meno, dawa yake ni daktari wa meno. Lakini kwa ulaji wako siwezi kupuuza vitamini C. Wapenzi wa nyama tupu watakusimulia habari za Vilhjalmur Stefansson, mvumbuzi wa nchi za barafu, ambaye mwaka 1928 yeye na mwenzake walikula nyama tu kwa mwaka chini ya macho ya madaktari wa Hospitali ya Bellevue, New York, wasipate kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Ni kweli. Ila wale walikula nyama iliyopikwa kidogo tu, na viungo vya ndani, na mafuta. Wewe mbuzi wako amechomwa mpaka akalia mkaa, na kongoro limechemka tangu usiku wa manane. Vitamini C haipendi moto mrefu. Mwili unahitaji kama miligramu 10 kwa siku ili tu usipate kiseyeye, na mwanamume anashauriwa 90. Pera moja linakupa zaidi ya 100. Chungwa moja, kama 70. Yaani tatizo hili linamalizwa na genge la mkeo kwa sarafu.

Maini yana kiasi kidogo cha vitamini hiyo, lakini kwa namna unavyoyala yanakuletea jambo jingine. Gramu 100 za maini ya ng'ombe zina vitamini A inayopita kiwango cha juu cha siku kwa mtu mzima, ambacho ni mikrogramu 3,000, na vitamini A haitoki na mkojo, inakaa. Mara moja kwa wiki yatosha.

Huyo daktari wa Marekani ni Paul Saladino. Alikuwa mstari wa mbele kwenye nyama tupu, kisha akaongeza matunda na asali, na mwenyewe alieleza kwamba kabla ya hapo moyo ulikuwa ukimdunda ovyo, usingizi haufiki, na misuli inamkaza. Misuli umeisikia? Lakini usimfuate kwenye asali, kwa sababu asali ni sukari kwa asilimia 80 hivi, na mtu anayeshinda mazoezini si wewe unayeshinda kwenye kiti cha ofisi au cha winchi. Halafu naye ni mfanyabiashara wa virutubisho, sikiliza ukijua hivyo. Kama ni mfano wa mla nyama, kwa nini twende Marekani? Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wawindaji hasa, wanakula mabuyu, matunda ya porini, mizizi na asali pamoja na mawindo yao. Wamasai tunaowapigia mfano wa nyama, chakula chao cha asili kina maziwa mengi, na maziwa yana sukari yake, na supu yao hutiwa magome na mizizi. Sijui nani alianzisha habari kwamba mla nyama wa kweli hagusi mti.

Basi unaanzaje? Anza na parachichi. Ndiyo, ni tunda, na Lushoto wanakuleteeni mazuri. Halina sukari ya kutaja, lina mafuta uliyoyazoea, nyuzi gramu saba kwa kila gramu 100, na potasiamu ambayo misuli yako inaitafuta. Nusu moja mchana, pamoja na mbuzi wako, wiki nzima. Utumbo uliokaa miezi bila nyuzi ukiupa fenesi sinia zima unachacha, ndiyo ile ngoma uliyokuwa nayo tumboni. Unywe na maji.

Wiki inayofuata leta papai, kipande cha kiganja, au pera moja. Papai litakufungulia choo. Tumbo likitulia, ongeza chungwa. Na chungwa nisikilize vizuri, maana najua linavyoliwa kwetu: linamenywa kwa kisu, linakatwa kichwa, linafyonzwa, kambakamba zinatupwa barabarani. Unabaki na sukari, nyuzi anakula mbuzi. Lichambue, ule na ngozi zake nyeupe. Baadaye embe, kipande cha shavu moja, si dodo mbili. Ndizi kisukari moja ndogo, nanasi vipande viwili vitatu, tikiti kidogo. Kama tunda fulani linakujaza gesi kila ukilila, embe na tikiti zina tabia hiyo kwa baadhi ya watu, liache ule jingine. Hatimaye matunda mawili kwa siku, matatu ukipenda, na fungu la mchicha au matembele. Shirika la Afya Duniani linataka mboga na matunda zisipungue gramu 400 kwa siku, mboga zikichukua sehemu yake. Usikimbilie huko mwezi wa kwanza.

Saa? Baada ya chakula chenye nyama au samaki, si kabla na si katikati ya usiku mbele ya friji. Protini na mafuta hupunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula kwenye utumbo, na sukari ya tunda inaingia kwenye damu polepole. Kisha tembea, hata kutoka nyumbani mpaka msikitini na kurudi, misuli inayotembea hunyonya sukari. Ukitaka kujua mwili wako unavyolipokea tunda fulani, jipime saa mbili baada ya kula, wala si saa moja.

Yule jamaa wa tunda kuozea juu ya nyama mwambie tumbo lina tindikali kali inayoua vijidudu vingi, hakuna kinachopata nafasi ya kuoza humo. Gesi unayoisikia inatoka chini kabisa, kwenye utumbo mpana, na tunda lingefika huko hata kama ungelila peke yake saa sita nzima kabla ya nyama.

Juisi hapana. Glasi moja ni machungwa matatu au manne yasiyo na nyuzi, na hakuna mtu anayekaa akala machungwa manne kwa pumzi moja. Ya mabungo na ya ukwaju ndiyo usiseme, ukali wake unafunikwa kwa sukari ya kijiko juu ya kijiko. Na kama kuna jongo kwenu, yaani kidole gumba cha mguu kinachovimba usiku, juisi na maini vyote viwili vinaongeza ile tindikali ya yuriki.

Umeniuliza kama utanenepa. Hapa ndipo pana jibu ambalo huenda hukulitaka. Ukiongeza matunda juu ya supu ya kongoro, samli, mbuzi na soseji kama vilivyo, utanenepa, na hutakuwa na haki ya kulilaumu embe. Kilichokupunguza si uchawi wa nyama. Uliacha maandazi, chapati, soda na wali wa nazi, na nyama ikakushibisha. Tunda likiingia, kitu kitoke. Mimi ningetoa soseji kwanza. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka nyama ya kusindikwa katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani, ya utumbo mpana hasa, na nyama nyekundu ya kawaida kwenye kundi la vinavyodhaniwa. Soseji haina utetezi. Baada yake punguza samli ya kukaangia, kisha badilisha siku kadhaa za mbuzi ziwe samaki. Unaishi Tanga, mwanangu, dagaa, changu na kibua wanashuka karibu na ofisi yako, na unakula soseji ya pakiti?

Sasa la nyumbani, na hapa nakugombeza.

Kwamba wewe mtu mzima umeamua kula nyama tupu, ni mwili wako. Binti wa miaka tisa hana kilo 104 za kushusha. Anakua, na tunda ndilo linalompa vitamini, nyuzi, na mazoea atakayokwenda nayo kwake. Hakulikataa papai kwa sababu halipendi, amelikataa ili afanane na baba. Kumwambia "kula papai" hakutatosha, maana aliyemkataza ni wewe na anakusoma sahani yako kuliko mdomo wako. Kile kipande cha papai cha wiki ya pili ukile mezani, naye amekaa, na umwambie kwamba baba alikuwa anapunguza mwili na sasa amerudi kwenye matunda. Usimtolee hotuba ya sukari, hata nzuri. Neno "sukari" lipumzike kwenye mlo wa watoto kwa muda.

Mkeo hakukasirika kwa sababu huli matunda. Ulimharibia biashara mbele ya jirani, na jirani ndiye mteja. Mwanamke anaamka alfajiri kugombea machungwa kwenye gari, anakaa juani, anarudi na nyama ya kukupikia, halafu unaita kazi yake sumu. Lile jibu lake la mbuzi nimelipenda, na kama ningekuwa pale ningepiga kigelegele. Samahani ya chumbani haitoshi kwa maneno ya uwanjani. Nenda pale gengeni mchana kweupe, siku ya soko, umwombe akuchagulie parachichi na papai, na ulipe kama wateja wengine. Jirani akiwepo, ndio vizuri. Na utakuta anajua mengi kuliko video zako, wauza matunda wanajua lipi limeiva kwa jua na lipi limeivishwa.

Barazani wakuite watakavyo. Wakikuona na pera mkononi watacheka kwa wiki, kisha mpira wa Simba na Yanga utawachukua. Usiwape darasa jipya la matunda kufidia lile la zamani.

Kuhusu futari. Tende moja ndogo ina sukari kama gramu tano, ile kubwa nene inafika 16. Kwa mtu kama wewe, sunna yako ya tende tatu ndogo na maji si tatizo, ukienda kuswali kisha ukakaa kwenye supu na samaki. Tatizo ni tende, halafu uji wa sukari, halafu kaimati, halafu tambi za nazi, halafu juisi, vyote ndani ya nusu saa. Chagua tende, vingine uwaachie watoto na wageni. Daku kula yai au samaki, na nusu parachichi, kiu haitakusumbua kama ya chumvi. Kidonge cha presha muulize daktari ukimeze futari au daku. Na kama ile sukari ya asubuhi imetoka 7.0 au zaidi, mpango wangu wote wa matunda usimame mpaka ukae naye, na suala la kufunga mlizungumze naye kabla mwezi haujaandama.